Mponda Kokoto Aliyepitisha Bomba Chini ya Zege la Mwalimu

Bibi yangu mzaa baba, huko Kwimba, alikuwa na uwanja wa kupuria mtama aliousiliba kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukalainika kama sahani. Ukishasilibwa, haukanyagwi na mguu wa mtu wala wa kuku mpaka ukauke. Mwaka mmoja fuko akajichimbia njia yake chini ya uwanja ule. Sisi watoto tulipoona udongo umevimba kidogo, tukachukua michi ya kutwangia tukaanza kuponda juu ili tumuue. Fuko akapita zake salama, uwanja ukabaki vipandevipande, na fimbo tukazila sisi. Bibi alisema, "Fuko kapita bila kuvunja. Nyie mliozaliwa na macho ndio mmevunja." Siku ile nililia sana, kwa sababu niliona katuonea. Sasa ni mzee na nimeshamwelewa, lakini sikumwelewa kwa kukua tu. Nilieleweshwa na mtu, na mtu huyo amekufa.

Habari nilizipata juzi Jumanne pale Mwaloni, Kirumba, nimekwenda kununua dagaa. Mama mmoja muuzaji, mtu wa Ukerewe, aliacha kupima akaniambia, "Babu, yule mponda kokoto wenu wa kule mlimani tulishamzika kwetu Ukerewe." Nikauliza yupi, maana mlimani kwetu waponda kokoto ni wengi. Akasema, "Yule asiyetaka watu waimbe kwenye kazi." Nikasahau dagaa, nikasahau na chenji, mama yule akanikimbilia nayo. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi darasa langu liliishia la nne na maneno yangu hayaendi kwa mstari. Leo mnivumilie zaidi, kwa sababu mtu huyu sikuwahi kumpa asante yake, na sina tena wa kumpelekea.

Ilikuwa miaka minne nyuma. Dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Nikiwa pembeni ya kitanda chake hospitali alinivuta shati kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mdogo wangu, ukinichukua kwako nitakuja. Lakini nisiwe mtu wa kuogeshwa na wajukuu zako. Nipe maji karibu, mengine nitajifanyia." Basi. Nikamjengea chumba chenye bafu na choo mlemle. Kasoro yake ilikuwa moja: chumba kiko ng'ambo ya njia ya gari ya jirani yangu, na bomba letu la maji liko upande huku. Mke wangu nyonga yake mbovu, ndoo hazivushi. Dada alikuwa atoke hospitali Jumamosi.

Jirani huyo ni mwalimu mstaafu, mtu wa Kagera, na ile njia aliimwagia zege yeye mwenyewe na wanawe, akaipiga mistari kama daftari. Asubuhi huifagia kabla hajanywa kahawa. Mafundi wote niliowaita walitaka kulikata. Nikaenda kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee mwenzangu, chini ya zege ni kwa Mungu, pita. Juu ni kwangu. Nikiona ufa, mtaro nafukia na bomba lako likiwa humohumo." Nikamwambia mwalimu, nyie Wahaya hata zege mnalisomesha. Akacheka, lakini neno lake hakulirudisha.

Nikaamua kuifanya kazi mwenyewe. Njia ina upana wa hatua sita. Nikachimba shimo refu upande wetu na fupi upande wa dada, kina cha paja. Nikanunua bomba la chuma, nikaliziba mbele kwa kipande cha mti lisijae udongo, nikalilaza ndani ya shimo. Wazo ni kulipigilia kwa nyundo mpaka litokee ng'ambo, kisha bomba dogo la plastiki lenye maji lipite ndani yake. Jumatano wakaja wenzangu watatu, Wasukuma watupu, wazee wa jembe. Na Msukuma ukimpa chombo cha kupiga na mwenzake pembeni, hapigi kimya. Mmoja alianzisha wimbo wa kulimia, sisi tukaitikia, nyundo ikapanda na kushuka na wimbo. Jamani, ilikuwa raha! Mke wangu alitoka na nyonga yake akatingisha mabega. Bomba likaingia, likaingia, na kila likiingia sisi tunazidisha. Hakuna aliyekwenda kuangalia ng'ambo. Wimbo ulipokwisha, limebaki nje urefu wa kiganja tu, na kule upande wa dada hakuna kitu. Bomba refu kuliko njia limeingia lote na halijatokea. Ndipo zege likatoa mlio, kwa! Pembe yake moja ikanyanyuka unene wa kucha.

Mwalimu alisimama getini na kikombe chake. Hakupaza sauti. "Mna mpaka Jumamosi saa sita, kisha nafukia," akasema, akarudi ndani. Wenzangu wakakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kunywesha.

Nimekaa ukingoni mwa shimo, akatokea mtu mweupe wa vumbi la mawe kuanzia nyusi mpaka kandambili. Tulikuwa tunapeana salamu tu miaka yote, yeye kwenye rundo lake la kokoto kule chini, mimi napita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hiyo nyundo yenu nimeisikia toka kule. Ilianza kulia vizuri, halafu ikalia vibaya, na nyinyi mkaongeza kuimba."

"Bomba limepotea," nikamwambia.

Akashuka, akaweka sikio kwenye chuma, akagonga na kijiwe. "Halijapotea. Limekutana na jiwe, likapinda. Saa hizi liko njiani kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kuangalia ngoma." Nikacheka wakati sitaki. Akasema, "Nyie Wasukuma mkiimba mnaweza kulima hata mwamba. Hii kazi ni ya kusikiliza. Kesho nakuja, na ukiimba naondoka."

Alhamisi tulimwaga maji kuzunguka bomba, tukalizungusha kwa spana mbili mpaka likalegea, tukalivuta. Lilitoka limejikunja kama upinde, na ile pembe ya zege ikashuka taratibu ikalala mahali pake. Ijumaa hakugusa nyundo kubwa kabisa. Alichukua nondo nyembamba, akaisukuma chini ya zege hapa, akaitoa, akaisukuma pale. Ikikataa anaitoa, haigombezi. Alikuwa anatafuta mwanya kati ya mawe mawili, na kuelekea jioni akaupata, chini zaidi ya nilipoanzia mimi. Jumamosi asubuhi tukalaza bomba jipya, akalipima usawa kwa mpira uliojaa maji, lisiinamie huku wala kule, akaanza. Anapiga mara tatu, anaacha, anaweka kiganja juu ya zege. Mara tatu, kiganja. Mimi nimelala kifudifudi kwenye shimo la ng'ambo na suruali yangu ya kanisani, nangoja. Mwalimu kaja kasimama juu yangu. Udongo mbele ya pua yangu ukatikisika, ukadondoka kama unga, kikachungulia kile kipande cha mti. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mwalimu akapiga magoti juu ya zege lake, akalipapasa lote, akainuka. "Halina kitu," akasema, akaenda kuchukua fagio.

Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu hakuwa mgeni, alikuwa mita mia kutoka mlangoni kwangu miaka yote, na mimi sikujua anajua nini. Wangapi tunawapita hivyo, tunawapa salamu ya mdomo na kuendelea? Nami nimejifunza kwamba nguvu inapenda kusikilizwa na watu, na ndiyo maana tunaiimbia. Lakini kuna kazi, na kuna watu pia, ambao ukitaka kuwafikia bila kuvunja kitu lazima unyamaze kila baada ya mapigo matatu. Ndoa yangu ingekuwa nyepesi kama ningejua hili mapema. Hayo tuyaache.

Dada alifika saa sita kasoro, tumeshapitisha lile bomba la plastiki na kuunga maji. Tukamketisha kwenye kigoda bafuni, akafungua koki mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Yakatoka ya matope, yakatoka meupe, akajaza kiganja, akanawa uso, akakaa hivyohivyo na maji yanamchuruzika kidevuni. "Nani kayaleta?" akauliza. Nikatoka kumwita. Mke wangu alikuwa ameshapakua ugali na sato. Nikamkuta mtu wangu ameshavuka njia, nyundo begani, nondo mkononi, anashuka mlima kwa kandambili zake. Nikamwita, "We bwana, chakula! Na dada anataka kukuona!" Akainua ile nondo juu kidogo bila kugeuka, akapinda kwenye lile jiwe kubwa la kona, na Jumatatu nilipokwenda kwenye rundo lake nikakuta kokoto zake ziko palepale. Hakurudi.