Daktari Hakusema Si Kitu

Msomaji wangu, juma hili nilikusudia kuandika juu ya barabara ya Masasi kwenda Newala. Asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu ikaita. Binti wa mama mmoja niliyemheshimu sana alisema, "Mama ametutoka," kisha nikawa nasikia tu wanawake wakilia nyuma yake. Jina la marehemu sitalitaja, hakupenda kutajwa magazetini. Wa Newala watamjua: mwalimu mstaafu, kiongozi wa akina mama kanisani. Alifundisha na mama yangu shule moja huko Mkunya, kwa hiyo hata nilipoota mvi nilimpa shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mwaka mmoja maji yalipokatika mjini kwa muda mrefu, tangi lake la mvua ndilo lililobaki na kitu. Jirani mmoja, waliyekuwa hawasemezani kwa ugomvi wa mpaka, aliona haya kuja kuomba. Mwalimu akajitwika ndoo mwenyewe, akaitua mlangoni pake, akamwambia huo mpaka wataugombania mvua ikinyesha.

Uvimbe aliugusa akioga, kwenye titi la kushoto. Hakumficha mumewe, walikwenda wote hospitali akapigwa utrasaundi. Alimwomba daktari amgeuzie kioo, akauona umelala kama punje ya kunde, kingo zake laini. Daktari akamweleza kwamba kwa sura ile haukuwa wa kutisha, ila picha moja haitoshi. Arudi baada ya miezi kadhaa ili walinganishe picha mpya na ya zamani. Akarudi, ukawa haujabadilika, akaambiwa arudi tena. Ukoo mzima ukafurahi, wakawa wanamwambia kila mgeni kwamba hospitali wamesema si kitu. Ni yeye aliyekuwa akiwasahihisha. "Hakusema si kitu," aliniambia siku moja. "Alisema tuutazame."

Safari ya tatu iliangukia msimu wa korosho. Mumewe alikuwa amevunjika mguu, na shamba lao liko Makote, ambako korosho zisipookotwa mapema mvua huziozesha chini. Mashemeji walimwambia, bila ubaya wowote, kwamba picha mbili zimeshaonyesha yu mzima, na uvimbe wenyewe hauumi. Akaahirisha mpaka msimu uishe, kisha mpaka mguu wa mzee upone, kisha kwaya yake ikawa inajiandaa na Pasaka. Aliporudi, daktari aliiweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akamgeuzia kioo. Zile kingo laini zilikuwa zimechongoka. Wakachukua kinyama kwa sindano, majibu yakaja kuwa ni saratani, nayo ilikuwa imekwisha kutambaa. Akapewa rufaa ya kwenda kutibiwa hospitali ya mbali. Alirudi bila nywele, na Krismasi aliimba akiwa amekaa.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amelala mkekani, bintiye akimpepea. Uani watu wa ukoo walikuwa wameanza kunong'ona habari za uchawi, na aliwasikia. Akaniashiria nisogee.

"Ukiandika, usiandike nimerogwa," alisema. "Wala usimlaumu baba yao. Andika nilichelewa kurudi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyekuwa akijitwika ndoo.

Tumemzika. Mumewe alisimama kaburini kwa mkongojo hata wengi walipokwisha kuondoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende. Siwezi kusema picha ile aliyoiahirisha ingemwokoa. Hata madaktari hawakuniapia hivyo. Ninachojua ni kwamba ingeukuta ugonjwa ukiwa bado mdogo. Kuambiwa urudi si kuambiwa umepona. Picha huonyesha uvimbe ulivyo siku ile tu. Unakoelekea hujulikana kwa picha inayofuata. Basi aliyeambiwa arudi, arudi, hata kama hauumi. Na sisi tunaobaki nyumbani, badala ya kumwambia ni mzima, tumwokotee korosho zake aende.