Chupa ya Mfaransa, Mianzi ya Mama

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya ardhi hapa Songea. Mbele yangu alisimama mama mzee, mgema ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, akidai arudishiwe shamba la mianzi alilorithi kabla ya kuhamishwa.

"Mwaka wa nzige ulanzi ulikuwa mchungu," alimweleza ofisa. "Mwaka niliojifungua binti yangu wa kwanza mvua ziliwahi, ukawa mtamu tukagawia majirani. Kabla yangu aligema baba, na kabla yake babu."

"Hayo ni masimulizi, mama. Lete maandishi."

Kisha ofisa akamgeukia mwenzake, akainua chupa ya mvinyo aliyoletewa na mgeni kutoka Ufaransa, akaipangusa kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso. "Hawa ni ukoo mmoja, shamba moja la zabibu, vizazi tisa. Mwaka wa jua kali wanaujua, mwaka wa mvua nyingi wanaujua. Wenzetu wana historia bwana."

Mama akaitazama ile chupa. "Hawajawahi kuhamishwa?"

"Wahamishwe kwa nini, mama? Ni ardhi ya babu zao."

Ofisa alisema hivyo huku akimrudishia mama bahasha yake ya maombi. Foleni nzima tulisogea hatua moja mbele, maana kila mmoja wetu alikuwa na karatasi inayosubiri muhuri wa mkono uleule.