Nilimkana Mke Wangu Mahakamani Ili Asipewe Posho

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Mimi ni mzee wa Likasi, nilifanya kazi miaka mingi kiwandani Shituru, nina watoto wanne, na kwa mdomo wangu mwenyewe nilimkana mama yao mbele ya jaji.

Sababu? Kisasi! Mke wangu, Mama Odette, alipojua nina mwanamke mwingine Kambove, hakunyamaza. Alinishitaki kwa wazee wa kanisa, wakanisimamisha katikati yao kama mtoto aliyeiba sukari. Siku ile niliapa moyoni: mwanamke huyu atajuta.

Nikahamia Kambove. Yeye akaenda tribinali, yaani mahakamani, kuomba talaka. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, hawezi tena kulima, basi akaomba nimpe posho ya matunzo wakati kesi inaendelea na hata baada ya talaka. Posho! Anivue nguo mbele ya watu, halafu nimlishe?

Ndoa yetu ilikuwa ya mahari tu. Hatukwenda kuiandikisha komini, kwenye ofisi ya serikali, kama wengi wasivyokwenda. Wazee waliopokea mahari ile wamekwisha kufa. Ushahidi uliobaki ulikuwa orodha ya mahari yenye sahihi za familia mbili. Nakala ya kwao ililiwa na mchwa. Yangu niliiweka juu ya jiko la mbabula, makaa yakiwa mekundu, nikaitazama mpaka ikawa majivu. Nilifurahi, jamani! Siwafichi, nilifurahi sana.

Jaji akaniuliza, "Papa, huyu mama ni bibi yako?"

"Hapana, Muheshimiwa. Tulikutana tu. Minye sikumuoaka."

Watu wakaguna. Mama Odette akanigeukia. "Papa Odette, sema kweli. Minye nilikulomba nini? Unga na dawa ya miguu, njo ile tu!"

Binti yetu Odette alikuwa ameketi nyuma yake. Sikumtazama.

Bila ushahidi wa ndoa, hakupata kitu. Akaanza kuuza dagaa wa kapenta sokoni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na mimi, mzee mzima, nilikuwa natoka Kambove makusudi nipite mbele ya meza yake. "Bonjour, mamuzeli!" namwambia kwa sauti, wauzaji wote wasikie, kwa kuwa sasa ni mwanamke asiyewahi kuolewa. Anaendelea kupima samaki wake. Loo, roho yangu ilikuwa mbaya!

Kisha Odette akachumbiwa. Sikuambiwa. Nilisikia kwa watu kwamba familia ya mchumba inaleta mahari nyumbani kwa mjomba wake, upande wa Mulungwishi. Kwetu siku ile baba ndiye anayekaa mbele! Nikavaa suti, nikaenda.

Yule mjomba, mdogo wake Mama Odette, alinipokea mlangoni akitabasamu. "Karibu, jirani."

"Jirani nani? Shemeki, minye njo baba ya mutoto!"

Akawageukia wageni. "Bazee, musikie. Huyu papa alisemaka ku tribinali asema hakuoaka dada yangu. Kama hapana bibi yake, batoto beko ba nani? Beko betu!"

Wageni wakacheka. Nikamtafuta Odette kwa macho.

"Papa, minye nilikuwa pale," akasema. "Nilikusikia."

Kutoka ndani ikaja sauti ya mama yake, tulivu kabisa: "Mumupe kiti. Ni mugeni."

Nilikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, nikaona mwanaume mwingine akipokea mahari ya binti yangu.

Nilitoka pale nataka kisasi tena. Nitawashitaki wote! Nikaenda kwa avoka, wakili wa mjini. Aliniuliza nina karatasi gani ya ndoa. Nikasema sina. Akasema, "Papa, maneno yako mwenyewe yameandikwa tribinali. Utapinga vipi?"

Ndipo akanieleza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo. Posho ile haikuwa zawadi ya kumshangilia mke wala adhabu yangu. Wakati wa kesi, ni ili asilale njaa. Baada ya talaka, jaji anaangalia shida yake na uwezo wako. Kama uwezo wako ni mdogo, unasema, anapunguza. Kusema tu! Na mimi nilichagua kuchoma.

Odette amejifungua. Habari nilipewa na muuza mikate, na hata jina la mtoto hakulijua.

Wanaume wenzangu, kaeni na hasira zenu zote, mchukieni mtu mpaka mchoke, lakini msimkane aliyewazalia. Ukiambiwa umlishe, mlishe. Lipa ukinuna, lipa ukitukana njia nzima, lakini lipa!