Chachu Kwenye Ndevu za Kinyozi

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu, mwoka mikate, aliniletea mkate wa moto. Akakaa ananitazama natafuna. Nilipomeza kipande cha tatu ndipo akasema, "Bibi, sasa nikusimulie."

Nami nawasimulia nyinyi. Kama mnakula, malizeni kwanza.

Mumewe ni kinyozi. Ana ndevu huyo, wacha! Nyeusi, nene, ndizo bango la kazi yake. Wateja humwambia, "Nichonge kama wewe." Mimi humwita mume wangu, mjukuu hujifanya ana wivu.

Basi mume wetu huyo akashikilia waende kuzunguka mlima wa volkano kwa miguu, mabegi mgongoni. Mlima wenyewe bado uko hai, unafuka moshi.

"Nitakwenda," mjukuu akasema, "ila na kopo langu."

Kopo hilo lina chachu aliyoachiwa na mama yake, yaani binti yangu, Mungu amrehemu. Kila mkate anaouza unaumuka kwa chachu hiyo. Ni ya kulishwa unga na maji kila siku, kama mtoto. Ikifa, ndiyo basi.

"Si umwachie Bibi ailishe?" mume akauliza.

"Bibi atasinzia."

Hapo hakukosea.

Wakaenda, kopo likiwa kwenye begi la kinyozi. Mjukuu aliuacha mfuniko umelegea ili chachu ipumue. Kesho yake kinyozi akanusa shati lake.

"Nanuka kama pipa la pombe!"

Akaukaza mfuniko kimyakimya, hadi mwisho.

Mchana wakafika mahali ambapo ardhi ni ya moto na mvuke unatoka kwenye nyufa. Kiongozi wa msafara akasema, "Tueni mizigo, mpashe mifupa."

Chachu na joto tena! Begi likaanza kutuna. Likatuna. Kinyozi akalifungua, akainama kutafuta biskuti.

Mlima ukanguruma kidogo.

Puu!

"Laleni chini!" kiongozi akapiga kelele, naye akawa wa kwanza kulala kifudifudi.

"Nimekwisha!" kinyozi akalia. "Lava imenipata usoni!"

Mjukuu akainua kichwa. "Lava nyeupe?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaliona kopo. Tupu, mfuniko umefyatuka. Chachu ilikuwa imerukia mwamba wa moto, imeshaiva, inanukia mkate.

Kicheko kikamkauka. "Mama," akasema, taratibu.

Kinyozi akaona haya, akainua mkono ajifute.

"Usiguse!"

"Nini tena?"

"Ndevu zako! Ndiyo chachu iliyobaki. Ukinawa, mimi na wewe basi!"

Hakunawa. Mvua ilipotishia, alifunga kidevu kwa mfuko wa plastiki. Kila waliyepishana naye njiani alimhurumia.

"Kaka, jino?"

"Mmh."

"Pole. La nyuma hilo, linatesa."

Walipofika nyumbani, mjukuu akakoroga unga kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. "Tia kidevu."

"Mke wangu, na isipofufuka?"

"Tunanyoa, tunaloweka zote."

Kinyozi akatia kidevu upesi. Uchovu wa safari ukamzidi, akalala hapo hapo mezani.

Mara mapovu!

Mjukuu akaruka, akapiga vigelegele. Akainama vizuri atazame. Kumbe ni mume anakoroma ndani ya bakuli.

Akamwinua kidevu polepole, akakiegemeza kwenye mfuko wa unga. Bakuli akaliweka karibu na tanuri, akaketi mbele yake. Uji umetulia kama maji ya mtungi.

Akasubiri. Akasubiri sana.

Povu moja likapanda, likapasuka. Likaja jingine. Mume alikuwa anakoromea upande wa pili kabisa.

"Kwa hiyo huu mkate…" nikamkatiza.

"Ndiyo, Bibi."

"Umetoka kwenye ndevu."

"Za mume wako."

Nilikitazama kipande cha nne. Nikakipuliza, nikakila. Ulikuwa mkate wa binti yangu, ule ule.

Funzo langu ni dogo: alichokuachia mama usikibebe chote kwenye begi moja. Hata yeye amelijua, maana alipoaga alinitolea kopo dogo.

"Nusu ni yako. Ilishe kila siku, na usisinzie."

"Mimi? Nisinzie?"

Nikailisha kijiko cha unga na maji kidogo, nikalegeza mfuniko, nikaliweka kopo mapajani. Lilikuwa na joto zuri. Nikajiegemeza kwenye kiti nilisikilize linavyopumua, na sikumbuki kilichofuata.