Mikanda Niliyomshonea Claudine

Kosa ni langu. Nasema mapema, kabla hujanionea huruma. Usinipe pole! Nilisema uongo mara mbili. Wa kwanza ulimvunja binti wa watu mguu, wa pili ukamlaza mzee wa watu mahabusu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mimi ni fundi wa mabegi hapa Gisenyi. Nilizaliwa Tanzania, wazazi wakarudi Rwanda nikiwa mdogo, ndiyo maana sokoni wananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nina cherehani, kibanda na baiskeli. Jumamosi asubuhi huwa tunatoka kikundi cha watu saba hivi, tunapanda barabara ya Rugerero, tunafika juu tunageuza.

Katika kikundi yumo msichana nitakayemwita Claudine. Mama yake anakaa Goma, yeye anakaa huku kwa shangazi yake, na kila siku anavuka mpaka kuuza mayai. Jamani, yule binti anapanda mlima! Sisi wanaume tunahema huku nyuma, yeye anageuka kutucheka. Mashindano ya wanawake yalikuwa yanakaribia na wote tulimwambia ajiandikishe.

Shida ikawa viatu. Wenzake wa mashindano wanavaa vile vyenye chuma chini ya soli. Kile chuma kinajibana kwenye pedali, na ukizungusha kisigino kinaachia. Muuza mayai atavitoa wapi?

Nikajitia mjuaji. "Achana navyo," nikamwambia. "Kuna mikanda. Unavaa raba zako hizohizo, mkanda unapita juu ya mguu, unavuta pedali kama wao."

Hapo sikudanganya. Mikanda ya pedali ipo, watu wanaitumia na wanafika salama. Nikamtengenezea yake kwa mkanda wa kiti cha gari bovu, nikaweka velkro, ile ya kunata inayolia krrr ukiibandua. Mguu ukaingia vizuri, ukivutwa nyuma unatoka. Laiti ningeishia hapo!

Lakini mvua ya huku unaijua. Velkro ikishiba tope inaachia. Jumatatu Claudine akaja kibandani amenuna, akaitupa mikanda mezani.

"Yaya," akasema, yaani kaka kwa lugha ya kwao, "hii mukanda haishike. Nikipanda, muguu inatoka. Jana kidogo tu nianguke."

"Niachie mpaka Ijumaa," nikasema. "Utakuta dawa yake."

Wiki ikapita nikishona mabegi ya wanafunzi. Ijumaa mchana nikakumbuka. Nikang'oa velkro yote, nikafuata kipimo cha raba yake nilichochukua mara ya kwanza, nikafunga ncha kwa mshono mara mbili, uzi mwekundu mnene. Mkanda ukawa kama mfuko, hauna pa kulegea. Nikaingiza ngumi yangu, nikaitoa, nikaridhika. Ngumi! Ngumi haina kisigino. Ngumi haina soli yenye meno.

Alipokuja kuchukua, aliigeuzageuza mkononi.

"We mwenyewe ulijaribu?"

"Wiki nzima."

"Na kwenye kushuka?"

"Hata kwenye kushuka. Vuta tu mguu nyuma, unatoka."

Wiki nzima! Mikanda yenyewe ilikuwa na umri wa saa moja. Tena ngoja nikwambie jambo linaloniaibisha kuliko yote: mimi naendesha pedali tupu. Sijawahi kufunga mguu wangu kwenye baiskeli maishani, kwa sababu naogopa. Nilimfunga mwenzangu kwa kitu nilichokiogopa mwenyewe, ili tu aniite fundi.

Jumamosi tulipanda vizuri mno. Claudine alituacha mbali. Tulipomkuta juu alikuwa ameegemea ukuta wa shamba, anakunywa maji, miguu yake bado imo ndani ya mikanda. Sikujiuliza kwa nini hajashuka. Nilitabasamu! Niliona kazi yangu imeshika.

Tukaanza kushuka. Yeye mbele, mimi nyuma yake hatua kama thelathini. Baada ya kona moja, mama mmoja mwenye mzigo wa sombe, majani ya muhogo, kichwani akaingia barabarani. Claudine akashika breki vizuri kabisa, baiskeli ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Kilichobaki kilikuwa kushusha mguu tu.

Niliona goti lake likivuta. Likavuta tena. Raba haikutoka.

Baiskeli ikaanza kulala polepole upande wa kushoto, katikati ya barabara. Na lori la mchanga lilikuwa linapanda.

"Yaya! Haitoke! Yaya, haitokeee!"

Mungu wangu! Mpaka leo nikisikia mtu ananiita yaya, nageuka kutazama barabarani.

Dereva alikata usukani mpaka tairi zikaingia mtaroni. Alifanya yote ambayo binadamu angeweza kufanya. Lakini ncha ya bampa ilinasa gurudumu la nyuma, ikaiburuta baiskeli, na Claudine akaburutwa nayo kwa sababu nilikuwa nimemshonea humo. Hatua nne, labda tano. Chuma kilikuwa kinalia kwenye lami, naye analia. Kisha lori likasimama na sauti zote mbili zikakatika.

Nilijua amekufa. Nilikimbia nikijua nakimbilia maiti.

Alikuwa hai. Macho wazi, midomo myeupe, mguu wa kushoto umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Nikatoa mkasi wangu wa nyuzi, nikakata mkanda mmoja, nikakata wa pili. Wakati watu wanaanza kukimbia kutoka mashambani, mkono wangu ukaingiza vipande vile ndani ya jaketi. Nataka kusema mkono ulifanya wenyewe. Hapana, niache kuongeza uongo wa tatu. Nilijua ninachoficha.

Watu wakajaa. Wakamzunguka dereva wakimfokea kwamba amegonga mtoto. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, kofia mkononi.

"Alianguka mwenyewe," alikuwa anasema. "Muguu yake ilikuwa imefungwa. Niliona!"

Polisi wakaja, wakaniuliza niliona nini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikafungua mdomo nao ukatoka uongo wa pili, laini kama maji:

"Lori lilikuwa limekuja upande wetu."

Yule mzee akanigeukia. Hakupiga kelele. Aliniangalia kifuani, kwenye jaketi, akasema, "Kijana, ile kitu umekata, onyesha polisi."

Nikafunga zipu ya jaketi. Wakampandisha gari lao.

Siku tatu zilizofuata sikuwa mtu. Kila pikipiki ikisimama karibu na kibanda, nachungulia nje: wamekuja! Nilivichoma vile vipande kwenye jiko la makaa, harufu ikakataa kutoka mle ndani, nikawa nafungua mlango nikiogopa jirani ataijua. Nikipita mtaa wenye kituo cha polisi nazunguka mbali, jua likiniunguza, kama mwizi wa kuku.

Na hospitali ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake Claudine alikuwa anavuka kutoka Goma kila asubuhi na uji kwenye chupa ya chai. Akiniona anashika mikono yangu yote miwili, maana aliambiwa ndiyo iliyomtoa mwanawe kwenye baiskeli.

"Mutoto yangu, bila wewe angekufa. Mungu akubariki hii mikono."

Mikono hii! Nilitamani sakafu inimeze.

Siku ya tatu mama alitoka kwenda kuteka maji. Claudine alikuwa ameamka, mguu umening'inizwa, umefungwa mpaka gotini. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili.

"Yaya," akasema taratibu, "nilivuta nyuma vile ulisema. Nilivuta sana. We, ile wiki nzima, ulikuwa unatoa muguu namna gani?"

Hakuwa ananituhumu. Alidhani yeye ndiye aliyekosea! Alikuwa amelala pale siku tatu akijilaumu kwamba hakujua kuvuta.

Ningeweza kusema uongo mwingine, na angeuamini.

"Sikujaribu," nikasema. "Hata siku moja."

Hakulia. Alinitazama mpaka nikashusha macho.

"Na ule muzee ya lori?"

"Wamemshika. Mimi nilisema alikuja upande wetu."

Akageuza uso ukutani. "Enda," akasema. "Enda useme."

Nilitembea kwa miguu mpaka polisi. Mara mbili nilikaa pembeni ya barabara. Nilimfikiria mama yangu akisikia nimefungwa. Nilifikiria kuvuka mpaka na kupotelea Goma. Nilikuwa na kitambulisho mfukoni, ingechukua nusu saa. Sijui ni nini kilinigeuza. Labda ni ile kwamba Goma ndiko kwa mama yake, na ningekutana naye.

Nilisema yote. Askari aliandika, akainua kichwa, akauliza, "Una akili timamu?" Wakanibakisha ndani siku mbili, halafu wakaniachia nisubiri wito. Bado nasubiri.

Yule mzee alitolewa. Baadaye nilimtafuta nyumbani kwake nimpigie magoti. Alinikuta nimesimama mlangoni, hakuniambia karibu.

"Patron, mwenye lori, alisha kuipatia mwingine," akasema. "Na kule kijijini wanasema nilikanyaga mutoto ya mutu. Utaenda nyumba kwa nyumba uwaambie?"

Nilikwenda. Nyumba kwa nyumba. Wengine walinisikiliza, wengine walifunga mlango, na wapo ambao mpaka leo wanaamini nilihongwa nimsafishe. Lori hakurudishiwa.

Claudine anatembea kwa fimbo. Mashindano yalipita. Mama yake tukikutana sokoni anavuka upande wa pili, na hiyo mikono aliyoibariki naiweka nyuma.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike gazetini, maana hayo yote tayari yanajulikana kwa wanaohusika.

Ijumaa ile nilishona pea nyingine tano kwa mtindo uleule. Jumamosi nilimwachia jirani yangu muuza soli azitundike, na wakati mimi niko hospitali, yeye akaziuza zote. Ayiwe! Nilipojua, nilikimbia kama mwendawazimu. Nne nimezipata, nimezikata kwa mkono wangu mbele ya wenyewe. Ya tano haijulikani ilipo. Jirani anakumbuka tu mwanaume mrefu mwenye koti la mvua, aliyesema anarudi Bugeshi, kule milimani.

Nimepanda Bugeshi mara tatu. Nimeuliza penye mizani ya viazi, nimeuliza kanisani, nimesimama njiani nikitazama miguu ya kila anayepita na baiskeli. Unazijua zile njia za kule zinavyoshuka? Kila nikisikia kuna mtu kaanguka milimani, nauliza kwanza amevaa nini miguuni. Naogopa jibu.

Ninyi mafundi wenzangu, mtu akikuuliza kama umejaribu, na hujajaribu, mwambie hujajaribu. Aibu yake inaisha jioni ileile. Na wewe unayeendesha, mkanda si mbaya, lakini uuvae baiskeli ikiwa imesimama, utoe mguu mara ishirini penye majani, ukiwa na raba zilezile utakazoendea njiani. Mguu usipotoka kirahisi, utupe mkanda, hata kama aliyekupa ni rafiki yako.

Na wewe kaka wa Bugeshi, sijui jina lako. Ni mikanda myeusi, haina velkro, imeshonwa kwa uzi mwekundu mara mbili. Kama gazeti hili limekufikia, usisubiri kesho. Chukua kisu. Ikate!