Ndindi Hakurudi Kuzimu

Ndindi alikuwa jirani yangu pale Jericho, mtaa wa Nairobi, mlango kwa mlango, tukichota maji bomba moja. Alikuwa akishona yunifomu za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Mumewe, Irungu, alipokufa, wazee wa kwao walimwambia akishatupa udongo wake kaburini aondoke, asigeuke nyuma. Akaondoka. Hakugeuka, wala hakulia. Alirudi Nairobi akaketi kwenye cherehani kama mtu aliyetoka sokoni. Watu walisema mengi. Mimi niliwaambia waende wakapike.

Mwaka ule wa sabini na tisa, kikundi cha michezo ya kuigiza kilikuja na lori kwenye ukumbi wa mtaa. Kilikuwa kikizunguka nchi na mchezo wa kuimba, hadithi ya Wayunani wa kale. Mke wa mpiga gitaa anakufa, mume anamfuata kuzimu, anaimba mpaka mfalme wa wafu anamwachilia mke. Sharti ni moja: mume atangulie, asimtazame mpaka watokeze kwenye jua. Anageuka, na mke anarudi chini.

Mwimbaji wao, yule wa kuwa mke, aliugua koo. Johnson, mkubwa wao, alikuwa amemsikia Ndindi kwenye kwaya.

"Mama, ukituimbia vizuri leo, kesho unapanda lori na sisi. Nakuru, Kisumu, kote."

Ndindi alitaka kwenda. Koti la Irungu lilikuwa bado msumarini, na yeye hakuweza kuligusa wala kukaa nalo.

"Utaweza kufa mbele ya watu?" nilimwuliza.

"Mama Waringa, kwani kuna kazi gani hapo?"

Jioni ile watu walijaa mpaka madirishani. Ndindi aliimba, uso mkavu. Matheka, yule wa gitaa aliyekuwa mume, akatangulia, naye nyuma yake.

"Matheka, usigeuke! Tazama mbele wewe!" watu wakapiga kelele.

"Wanaume! Hata kuzimu hawana subira!" mwanamke mmoja akadakia.

Matheka akageuka. Ndindi alitakiwa arudi nyuma ya pazia jeusi. Alisimama kidogo. Kisha akaendelea kutembea. Akampita Matheka kama mtu anayepita nguzo ya stima barabarani, akashuka ngazi, akapita katikati yetu, akatoka mlangoni. Vigelegele vilipasua ukumbi.

Johnson alimfuata mpaka kwenye bomba. "Mama, umeua mchezo! Hadithi inasema unarudi!"

"Niliambiwa nisigeuke."

"Nani alikuambia? Si mimi!"

"Sikumgeukia mume wangu," Ndindi alisema, akijaza ndoo. "Nitarudi nyuma kwa ajili ya huyu wa gitaa?"

Asubuhi lori liliondoka bila yeye. Nilikwenda kumjulia hali, nikakuta msumari mtupu. Koti lilikuwa mezani, limefumuliwa mikono. Alikuwa akilipima ili atoe kaptura za wavulana.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Shika hapo."

Nikashika. Hata siku hiyo hakulia. Akakata.