Siku Niliyofagia Nyumba ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilifagia nyumba siku ambayo nilikatazwa kufagia. Ukisikia hivyo unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka, sijaweza.

Tulikuwa tunaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, mimi, mama yangu Neema, na wazazi wake, Babu na Bibi. Kivu ya Kusini nilitoka nikiwa mgongoni, kwa hiyo nyumbani ninapopakumbuka ni pale: nyumba ya udongo, na nyuma yake shamba la mahindi na maharagwe. Bibi alikuwa anauza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wakavu, na mikono yake ilinuka ndagala hata Jumapili. Kanisani aliimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka wa sauti ya kwanza wakapotea. Kila baada ya Jumamosi mbili alimketisha Babu nje akamnyoa kwa wembe, huku akimsema. "Baba Neema, hii kichwa imejaa mawe. Tulia." Babu alikuwa shemasi, watu walimwogopa kidogo, lakini chini ya wembe ule alikuwa anatulia kabisa.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja. Mtu wa nyumbani akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka habari ije kwamba amefika. Ukifagia unafuta nyayo zake, na njia ya kurudi haitamjua tena. Mchungaji wetu alihubiri juu ya mambo kama hayo, akayaita mabaki ya giza. Bibi alisema "Amina" pamoja na wengine. Wiki iliyofuata mama alipokwenda Mbarara kutafuta kazi, simu ikachelewa, takataka zikakaa ndani siku mbili.

Halafu tumbo likaanza kumtesa Bibi. Kwenye zahanati wakasema aende hospitali kubwa Mbarara, apasuliwe. Zamani alikuwa ameniahidi kwamba siku akienda Mbarara tutaenda wote, nione maghorofa. Asubuhi ile nikaoga, nikavaa gauni la Jumapili, nikasimama karibu na boda boda. Mama alikuwa amekwisha kupanda.

"Wewe utabakia," Bibi akaniambia. "Nani atamupikia babu yako?"

"Ulisema tutaenda wote."

"Nilisema. Lakini mwili yangu imesema ingine." Akanishika shavu. "Na usifagie, mama. Ungojee tupige simu."

Wakaondoka. Babu akachukua jembe akaenda shambani, maana hakutaka nimwone uso.

Hapa nataka kusema kweli, kwa sababu nimeshaisema vibaya mara nyingi. Kwa miaka nilijiambia nilifagia kwa kuwa wamama wa maombi walikuwa wanakuja mchana. Si kweli. Nilifagia kwa hasira. Nilianzia kando ya kitanda cha Bibi, nikaja mlangoni, nikatoka uwanjani, nikafika mpaka pale boda boda iliposimama. Nilijua ninachofanya. Sikutaka afe. Nilitaka achelewe huko, ateseke kidogo kama mimi nilivyokuwa ninateseka. Sijui kama Mungu anaona tofauti kubwa kati ya vitu hivyo viwili.

Wamama wa maombi wakaja. Mama Eliya, jirani yetu, akasimama uwanjani na kushika kiuno.

"Muangalie hii uwanja. Huyu mutoto akiolewa, mume wake atakula chini bila sahani."

Wakacheka. Mmoja hakucheka. Akauliza polepole, "Lakini Mama Neema, bibi ya huyu mutoto, si amesafiri leo?"

Wakaangalia chini wote, watu waliookoka, kisha Mama Eliya akaanzisha wimbo haraka haraka. Waliomba muda mrefu. Mimi sikufumba macho.

Walipoondoka nilikimbia kwenye shimo la takataka nyuma ya choo. Nilizoa kwa mikono, nikajaza beseni: maganda ya maharagwe, majivu, vichwa vya ndagala, mavi ya kuku. Nikarudisha ndani. Nilijaribu kukumbuka kila kitu kilikuwa wapi, majivu karibu na mafiga, vichwa vya samaki karibu na mlango. Ila udongo ulinishinda. Sikuweza kujua udongo upi ndio aliokuwa ameukanyaga.

Babu akanikuta nimepiga magoti uwanjani, namwaga.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kijiko."

Aliangalia chini, akaniangalia mimi. "Haya. Ukikipata uniambie."

Jioni mama akapiga. Babu akachukua simu akaenda nayo nyuma ya jiko, ambako mtandao ulikuwa unashika, akakaa huko muda. Aliporudi alisema, "Bamefika. Bibi yako anakusalimia." Siku tatu nilitembea mwepesi. Nilisema moyoni, kumbe mchungaji alikuwa sawa. Siku ya nne walimpasua Bibi, na hakuamka. Tulimzika Nakivale, na watu walijaa uwanjani mpaka ardhi haikuonekana.

Kuanzia hapo sikutulia. Shuleni niliomba ruhusa ya kwenda choo, kumbe nakwenda kusimama na kulia. Usiku niligeuka geuka mpaka mama akanihamisha nilale peke yangu. Nilipofika umri wa kubatizwa tuliambiwa tutaje dhambi zetu. Nilitaja sukari niliyoiba, nikataja masengenyo, nikataja hata mtihani niliouangalizia. Ufagio niliuruka. Niliingia majini nao, nikatoka nao.

Sasa naishi Kakoba, hapa Mbarara, nashona nguo. Mume wangu anaendesha boda boda. Kila asubuhi akitoka, siwezi kufagia mpaka apige simu, na asipopiga nashona vibaya, nafumua, nashona tena. Yeye ni mtu wa huku, ananicheka. "Sasa hii chumba utafagia lini? Mimi naenda Makenke tu, si Kinshasa."

Mwaka jana nilikwenda kumwona Babu. Tangu Bibi afe, ni mimi ninayemnyoa; wembe wa mtu mwingine alikataa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hawezi kuniona, na sijui nini kilinishika, nikasema yote. Hata ile hasira nikaisema.

Babu akainamisha kichwa zaidi, wembe ufike shingoni.

"Nilijua," akasema. "Alama za ufagio zilikuwa zinaonekana chini ya yale majivu. Unajua sababu ya bibi yako kukataza?"

Nikasema ni desturi ya wazee.

"Desturi iko. Lakini yeye zamani hakuijali. Tulikuwa na mutoto wa kwanza, Yakobo. Alitoka asubuhi kwenda soko, bibi yako akafagia kama siku zote. Bakamuua kwa njia. Nilimuambia, mama Neema, ni risasi, haiko ufagio. Miaka yote nilimuambia. Hakusikia."

Nilisimamisha wembe. Sikuwahi kujua kwamba Bibi naye alikuwa na siku yake aliyofagia.

"Ile siku kwa simu," Babu akaendelea, "aliniuliza neno moja. 'Mutoto amefagia?' Nikamuambia hapana. Nikamuambia nyumba iko chafu mingi, kuku banatembea mpaka kwa kitanda. Akacheka. Akasema, basi nitarudi." Akajipangusa shingo. "Uchafu haikuwa uongo, wewe mwenyewe uliurudisha. Ni ile 'hapana.' Mimi shemasi, ni uongo moja tu nilimuambia mu ndoa yetu yote, na akakufa nayo. Wewe umesoma kunipita. Ni zambi?"

Mimi niliishia darasa la sita. Nikamwambia, "Sijui, Babu." Nikamalizia kumnyoa, nikamkata kidogo nyuma ya sikio.

Alinisamehe siku ileile, na naamini Bwana naye amenisamehe ufagio. Hasira bado naitubu, maana inarudi kwa sura nyingine, hata kwa watoto wangu. Lakini nikifika kwenye uongo wa Babu, sala inakwama mdomoni. Nataka kumwombea msamaha, kisha namwona Bibi kwenye kile kitanda cha hospitali, anacheka, anajua kwamba njia yake ya kurudi ipo. Siwezi kuomba hilo lifutwe.